Njahi za Mama Mkwe

Dereva yeyote aliyewahi kupeleka mahindi kwenye kile kiwanda cha chakula cha mifugo kule Eneo la Viwanda, Thika, anamjua Ephantus Gachau, na wengi hawampendi. Lori likipanda kwenye mizani yake, dereva lazima ashuke, mwenzake ashuke, mtungi wa maji ushuke, na kama kuna kuku aliyenunuliwa njiani, kuku naye atashushwa. Ephantus hapigi kelele. Anagonga dirisha la kibanda chake kwa kalamu, kisha anaonyesha chini kwa kidole. Miaka kumi na minne hajachezewa hata kilo moja, na anapenda jambo hilo lijulikane.

Sasa, huyu mtu aliyekuwa akipima malori kutwa nzima hakuwa amejipima mwenyewe tangu alipoajiriwa. Hakuona haja. Alikuwa na kitambi, ndiyo, lakini kitambi kwetu hakijawahi kuwa kesi. Ni ushahidi kwamba mtu anakula kwake na ana mke anayejua kupika. Madereva wageni walimwamkia "mkubwa" wakidhani ndiye meneja, na kanisani alikalishwa safu ya mbele bila kuulizwa cheo chake.

Hata suruali zake hazikumsema, kwa sababu mkewe, Wangeci, ni fundi wa nguo. Ana duka dogo Gatongora, kule Ruiru wanakoishi, na anashona sare za shule. Kila Desemba shule zikifungwa, alikuwa akichukua suruali za mumewe, anafumua mshono wa nyuma, anatia kipande cha kitambaa cha rangi ileile, anapiga pasi na kuzirudisha kabatini bila neno. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Januari Ephantus akivaa, anajipigapiga tumbo na kusema, "Unaona? Bado zinanitosha." Wangeci anacheka upande. Ndivyo mtu anavyoweza kunenepa miaka mitano mfululizo na asiwe na habari.

Walioana wakiwa watu wazima, yeye akiwa na miaka thelathini na tisa, Wangeci thelathini na miwili. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na mtoto hakuonekana. Swali la namna hiyo haulizwi mwanamume. Huulizwa mwanamke, tena kwa kuzungukwa: "Mko salama huko? Hakuna habari njema?" Mama yake Wangeci, Rachael, mjane anayefuga mbuzi na kulima nyanya kule Ngoliba ambako mvua huja kama mgeni, hakuwa mtu wa kuzunguka. Alikata shauri kwamba binti yake hana damu ya kutosha.

Na dawa ya mwanamke asiye na damu, tangu enzi za wazee wake, ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo Wakikuyu humlisha mama aliyejifungua ili mwili wake urudi. Rachael akapiga hesabu yake: kama njahi hurudisha mwili baada ya mtoto, basi zitauandaa kabla ya mtoto. Kila mwezi mfuko ulifika Gatongora. Njahi, ndizi za kupondea, chupa ya samli, na agizo kwamba Wangeci ale sahani mbili kwa siku na asimgawie mtu. Wangeci alikula. Mwanamke anayetafuta mtoto atakula hata mawe akiambiwa yanasaidia. Aliongeza kilo ishirini na tano kwa njia hiyo. Hedhi yake, iliyokuwa ikija kila mwezi, ikaanza kuruka, mara miezi miwili, mara minne, na kila iliporuka Rachael alishangilia kwenye simu, na ilipokuja akaongeza njahi.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo Ephantus hakumwambia mtu.

Lilianza Jumapili moja alasiri, wametoka kanisani, wamekula, mlango umefungwa. Mwili wa Ephantus ulikataa. Aliulaumu uchovu. Jumapili iliyofuata ukakataa tena, na ya tatu pia, na siku hiyo alijigeuza ukutani akajifanya amepitiwa na usingizi. Wangeci alimshika bega, kisha akaondoa mkono taratibu. Ephantus aliuhisi ule mkono ukiondoka, na kwa kweli hakuna lori lililowahi kumwelemea hivyo.

Alifanya yale ambayo wanaume hufanya. Alikunywa supu ya mifupa kila jioni kwenye bucha, bakuli mbili, mafuta yakielea juu, kwa kuwa iliaminika inaongeza nguvu. Alinunua unga wa mizizi kwa mtu mmoja mjini Thika ambaye hakuandika chochote kwenye pakiti. Ule unga ulimpa kichwa kuuma na moyo wa kukimbia, basi. Ndipo akafanya jambo ambalo alidhani ni akili. Alimwendea Opiyo, mwenzake aliyekuwa akikaa mizanini zamu ya usiku, akamwambia wabadilishane.

"Uko serious?" Opiyo alimuuliza. "Si utachoka, mzee? Na sasa nani atalala na bibi?"

"Wewe una watoto wadogo," Ephantus alijibu. "Wacha mimi nikusaidie."

Opiyo alimshukuru nusura ampigie magoti. Tangu siku hiyo Ephantus aliingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Alipofika nyumbani Wangeci alikuwa anatoka kwenda kufungua duka. Jumapili alikuwa "amechoka na shifti". Kile kitanda kikawa kama kibanda cha mizani, mmoja akiingia mwingine anatoka. Ikapita miezi kumi na moja.

Na katika miezi hiyo yote kumi na moja mifuko kutoka Ngoliba haikukatika, na Wangeci hakuacha kula. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu Ephantus. Kushindwa hakuna aibu, mwili ni mwili. Lakini kumtazama mkeo akinywa dawa ya ugonjwa ambao unajua si wake peke yake, tena akinywa kwa imani, huo ni wizi. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwashusha watu na kuku wao.

Siku zikawa zinakwenda hivyo mpaka Aoko, mke wa Opiyo, alipoingia dukani kwa Wangeci kuchukua sare ya binti yake.

"Mwambie mzee wako asante sana," Aoko alisema akikunja sare. "Tangu aombe hiyo shifti ya usiku, Opiyo amekuwa mtu wa nyumbani. Watoto wanamjua sasa."

Wangeci alisimamisha cherehani. "Aombe?"

"Si yeye ndiye aliomba? Opiyo aliniambia alikuja mwenyewe."

"Ndiyo," Wangeci alisema. "Ni yeye."

Asubuhi iliyofuata hakwenda dukani. Ephantus alipofungua mlango alimkuta amekaa mezani, leso imefungwa kiunoni, sufuria ya njahi ikichemka jikoni.

"Ni nani?" Wangeci aliuliza.

"Nani nini?"

"Huyo unayemkimbilia. Ama unanikimbia mimi. Kama ni mwanamke, niambie. Kama ni huu mwili, pia niambie. Najua nimenenepa, Ephantus. Siku hizi nikivua nguo hata mimi mwenyewe sijiangalii."

Mlango ulikuwa wazi hapo, mpana wa kupita lori. Angeweza kusema. Alifungua kinywa, na kinywa kikatoa neno moja.

"Kazi."

Wangeci alisukuma kiti nyuma. Kisha akaenda jikoni, akajipakulia sahani, akarudi kukaa mbele yake na kula kijiko baada ya kijiko, machozi yakimtoka bila sauti. Ephantus alisimama pale na koti lake la kazi. Alitamani kumnyang'anya ile sahani. Hakufanya hivyo, kwa sababu angeulizwa kwa nini.

Mwezi huohuo kiwanda kiliwapeleka wafanyakazi kupimwa afya kwenye kliniki moja mjini. Aliyempima ni daktari kijana, mwanamke aitwaye Nyawira. Alimwambia avue viatu, atoe simu, funguo na mkanda, kisha apande mizani. Ephantus alitaka kuacha mkanda.

"Toa, mzee. Mizani haitaki mzigo wa ziada."

Ilisema kilo mia moja ishirini na saba. Presha ilikuwa juu, sukari ilikuwa juu, na utepe wa kupimia kiuno ilibidi Nyawira auvute kwa mikono yote miwili ndipo ukutane. Aliandika, akaweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ileile aliyoulizia umri, "Na kitandani mambo yako vipi?"

"Poa."

"Poa kabisa?"

Ephantus alitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya ini, na picha ya moyo umekatwa katikati. "Ni shifti za usiku," alisema. "Zinachosha."

"Zinachosha, ndiyo. Lakini kilichotangulia ni shifti ama ni shida?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Ephantus swali lililonyooka hivyo. Alikaa, akaweka mikono magotini, akamweleza huyu msichana ambaye angeweza kuwa binti yake yale yote aliyokuwa amemficha mkewe. Hata ule unga alimtajia, na Nyawira akamwambia autupe siku hiyohiyo, kwa kuwa pakiti isiyo na maandishi haijulikani ina nini ndani, na mtu mwenye presha anaweza kuanguka nayo.

"Mzee, mafuta ya tumboni hayakai bure," alimwambia. "Yanapunguza homoni ya kiume. Na yakiandamana na presha na sukari, yanaharibu mishipa ya damu. Mishipa ya huko chini ni midogo kuliko ya moyo, kwa hivyo huko ndiko shida huonekana kwanza. Shukuru. Mwili wako umekuonya kabla moyo haujagoma. Na kukesha usiku halafu supu ya mafuta, hapo unamwagia petroli."

"Na watu wanene wenye watoto kumi je?"

"Wako. Na wembamba wenye shida kama yako pia wako. Mimi nakuambia yako." Akachukua kalamu tena. "Mke wako anajua?"

Ephantus alichukua mkanda wake, akaanza kuuvaa.

"Mficha uchi hazai," Nyawira alisema. "Njoo naye."

Ilimchukua siku nane kumwomba Wangeci, na alipomwomba alisema tu kwamba daktari anataka kuwaona wote wawili. Wangeci alivaa gauni lake la kanisani. Nadhani alidhani anakwenda kuambiwa mumewe ana ugonjwa wa kuambukizwa na mwanamke mwingine, na alitaka kuambiwa akiwa amependeza.

Nyawira alimpima naye: kilo mia moja na tatu. Akamuuliza juu ya hedhi, maumivu, hamu. Wangeci alijibu akitazama mkoba wake. Hedhi mara tatu mwaka uliopita. Hamu, alikuwa ameisahau. Akaongeza bila kuulizwa kwamba anavaa na kuvua gizani. Nyawira akamweleza kwamba mwili ukibeba mafuta mengi homoni huvurugika, yai halipevuki kila mwezi, hamu hushuka, na aibu nayo huja kumalizia kilichobaki. Akasema atapimwa zaidi, lakini mara nyingi mtu akipunguza hata kilo saba au kumi, hedhi huanza kukumbuka njia. Hakuahidi mtoto. Kisha akamgeukia Ephantus na kungoja.

Ephantus alisema. Hakusema vizuri, alirudiarudia, lakini alisema.

Wangeci alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza Nyawira, si Ephantus, "Daktari, mtu anaweza kupata mimba bila kuguswa?"

"Hapana, mama."

"Basi zile njahi nilikuwa nazila za nini?"

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko miezi kumi na moja iliyotangulia. Opiyo alikubali wagawane usiku, wiki mbili kila mmoja, kwa hiyo kulikuwa na siku ambazo Ephantus alikuwa nyumbani giza likiingia na hakuwa na pa kujificha. Alimeza dawa zake. Alitembea kutoka stejini hadi nyumbani badala ya kupanda boda. Supu aliiacha, na mwenye bucha akamwuliza kama ameokoka. Alipungua kilo mbili tu. Kitandani hakuna muujiza uliotokea. Walilala migongo ikitazamana, watu wazima wawili, na kati yao ile hasira ya Wangeci ambayo ilikuwa halali yake.

"Umeniambia mimi kwa sababu daktari alikusukuma," alimwambia siku moja akipima kitambaa. "Na maitu, mama yangu, je? Yeye bado anajua binti yake ni mgumba. Kanisa lote la Ngoliba linajua."

"Wangeci, hayo mambo hayasemwi kwa mama mkwe."

Na hapo hakuwa anajitetea tu. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali. Wakikuyu huiita heshima hiyo thoni, na aibu imo ndani yake. Ephantus hakuwahi kula mbele ya Rachael akiwa amekaa mkabala naye. Hakuwahi kutaja hata maumivu ya tumbo mbele yake. Kwenda kumwambia habari za kitandani kwa binti yake kulikuwa sawa na kuvua shati sokoni.

"Sawa," Wangeci alisema. "Wacha niendelee kubeba."

Jumamosi iliyofuata Rachael aliwaita. Alikuwa amealika wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi, Wanja na Beth, waje kumwombea Wangeci tumbo. Ephantus aliambiwa aje pia, maana ni mume, lakini akae nje kwenye baraza na chai yake, maana ni mkwe. Walifika Ngoliba saa tano, jua likiwa limeshaanza kuchoma mchanga wa uani. Njahi zilikuwa tayari mezani.

Ephantus alikaa barazani. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Alisikia Rachael akimwambia Wangeci akae kwenye kigoda katikati. Alisikia sahani ikiwekwa mapajani mwake na akiambiwa ale kwanza ili maombi yapate kitu cha kushika. Halafu akasikia sauti ya Wanja, nzito na yenye upendo, ikimwomba Mungu aondoe baridi katika tumbo la huyu binti, amsamehe kama kuna jambo alilolifanya ujanani akaliharibu, amkumbuke kama alivyowakumbuka wanawake wengine waliodharauliwa. Beth alikuwa akiitikia. Wangeci hakusikika kabisa.

Ephantus alisikiliza lile neno, jambo alilolifanya ujanani. Wangeci hakuwa amefanya jambo lolote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtu wa miaka thelathini na saba, akisamehewa dhambi isiyokuwepo, na angeweza kunyanyuka na kuwaambia kila kitu, na hakunyanyuka. Alikuwa anamsitiri. Ephantus alipolielewa hilo aliweka kikombe cha chai chini, akasimama.

"Hodi," alisema mlangoni.

Maombi yalikatika. Rachael alipomwona akavuta leso yake mbele na kutazama chini, kama ilivyo desturi. "Kuna nini, mkwe wangu? Chai imeisha?"

"Hapana, Mama. Naomba mniombee mimi."

Wanja alifungua macho.

"Shida si ya Wangeci peke yake," Ephantus alisema. Alikuwa akiongea na sakafu ya saruji. "Mimi nina presha na sukari, na uzito umenizidi. Karibu mwaka mzima sijawa mume kwake. Siwezi. Nilijua, nikaomba kazi ya usiku ili nisiulizwe. Yeye mwili wake una shida zake, daktari amemweleza, na hizo sahani zimezidisha. Lakini hata angekuwa mzima kama ndama, asingepata mtoto na mtu asiyekuwepo. Nilimwacha akila. Mama, unisamehe kwa kusema haya mbele yako."

Nje mbuzi mmoja alilia, akanyamaza. Beth alichukua shali yake akamvuta Wanja mkono, na wale wanawake wawili wakapita kando ya Ephantus kwa heshima, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ya msiba. Rachael alibaki amesimama. Ephantus aliona miguu yake tu, viatu vya plastiki vyenye vumbi la shambani, na alingoja kufukuzwa.

Miguu ile ilisogea kwenye kigoda. Rachael aliitoa sahani mapajani mwa binti yake, akaiweka mezani, akapiga magoti pale chini kwa shida, maana goti moja lina ugonjwa.

Wangeci ni jina la mama mzazi wa Rachael. Kwa hiyo tangu binti huyu azaliwe, Rachael akimwita kwa upendo humwita mama.

"Maitu," alimwambia, "nisamehe. Nilikuwa nakulisha aibu."

Wangeci alilia hapo kwa sauti, kilio ambacho Ephantus hakuwahi kukisikia kwa miaka mitano, na hakujua kama ana ruhusa ya kuingia ndani au abaki mlangoni. Alibaki mlangoni.

Waliondoka jua likianza kupoa. Rachael aliwapa nyanya na sukuma wiki, na mara hii alimkabidhi Ephantus mfuko mkononi, ingawa bado bila kumwangalia usoni. Walitembea kuelekea barabarani, yeye mbele na Wangeci nyuma kidogo, wote wakihema. Kwenye kile kilima kifupi ilibidi wasimame kupumzika.

"Asante," Wangeci alisema.

"Usinishukuru. Nimechelewa."

"Ndiyo, umechelewa." Alijifuta jasho kwa pindo la leso. "Unajua ni nini kiliniogopesha leo? Wanja alipokuwa anaomba, nilianza kujitafuta. Nikawa nauliza, nilifanya nini ujanani? Nimejua ukweli wiki tatu nzima, Ephantus, na bado nilikuwa pale kwenye kigoda najitafuta. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ni mimi peke yangu."